Mgeni wa Siku ya Pili

Kosa lilikuwa la adabu, na makosa ya adabu ndiyo yanayonuka kuliko yote, maana mwenye kuyafanya huyafanya akiwa ameoga na kujipaka mafuta.

Siku aliyoshuka katika Mji ule, Somoe alikaa kwenye benchi la mawe, akafungua kifurushi chake, akatoa kipande cha mkate na yai la kuchemsha alilolibeba tangu kwao. Yai lilikuwa limeanza kubadilika, lina ukijani pembeni mwa kiini na harufu ya soksi, lakini njaa haina pua. Mtu akapita. Hakuwa mwanamke wa kueleweka wala mwanamume wa kueleweka. Alikuwa mtu tu, wa kijivujivu, uso wake umelainika kama kipande cha sabuni kilichotumiwa na wengi. Somoe akafanya alivyolelewa. Akanyanyua yai, akasema, "Karibu."

Kwao neno hilo halina miguu. Unakula barazani, mtu anapita, unamwambia karibu, naye anakujibu starehe, au anasema ahsante, nimetoka kula hivi sasa, ingawa tumbo lake linalia kama paka wa jirani. Mnaachana kwa heri, yeye na njaa yake, wewe na wali wako, na wote wawili mmeonekana watu. Lakini yule wa kijivu alisimama, akalitazama yai, akamtazama Somoe, akaketi. Akala yai lote. Akala na mkate. Kisha akalamba vidole vyake kimoja kimoja, polepole, na alipomaliza vyake akaushika mkono wa Somoe akalamba na vya Somoe.

Somoe alipopanda ngazi kwenda kwenye chumba alichopangishwa, yule mtu akapanda nyuma yake. Alipofungua mlango, akamtangulia kuingia. Kitanda kilikuwa kimoja. Somoe akajisemea, huyu ni mgeni, nimemkaribisha mwenyewe kwa mdomo wangu, nitamtoaje? Akatandika kanga chini, akalala sakafuni, na juu kitandani Mgeni akakoroma, mate yakimchuruzika tone kwa tone na kudondokea shavuni pa Somoe. Hakuyafuta. Aliogopa kumwamsha.

Siku ya pili ikaja. Na iliyoifuata siku ya pili ikawa siku ya pili.

Asishike kichwa mtu. Jambo lenyewe ni jepesi. Katika Mji ule siku hazikuwa zikija. Zilikuwa zikifuliwa. Siku moja ilishonwa zamani na mabibi wa mabibi zao, nguo ndefu nyeupe ya kuuzunguka Mji mzima, na wenyewe waliipenda sana hata hawakutaka kujaribu nyingine. Waliivaa tangu asubuhi mpaka jioni, wakaivua, ikapelekwa Udobini, ikafuliwa, ikaanikwa, ikapigwa pasi, na kesho yake wakaivaa tena ikiwa bado ina joto. Mvua ileile ya rasharasha. Mbwa yuleyule akikojoa kwenye nguzo ileile. Mwenye kuchekeshwa na jambo alichekeshwa nalo tena, kwa kipimo kilekile. Wenyewe walisema siku uliyoizoea haikukwaruzi kwapani.

Na wafuaji walikuwa watu waliotoka kwingine. Ndiyo kazi waliyopewa wote walioshuka pale na vifurushi vyao.

Kwa hiyo Somoe akawa dobi wa jana. Nani alijua kwamba jana ina uchafu kiasi kile? Ukiivaa huoni. Lakini iangushe ndani ya pipa la maji moto uone kinachoelea. Yanaelea makohozi ya watu waliosalimiana bila kupendana. Zinaelea nywele. Unaelea mchuzi wao mweupe, ule mzito usio na chumvi, wanaoumwagia viazi kama mtu aliyepiga chafya juu ya chakula akaona haya kukitupa. Yanaelea maji ya mabafu yao, maana watu wale hawaogi, wanajiloweka. Mtu anaingia ndani ya beseni kubwa, anakaa ndani ya taka zake kama muhogo unaongojwa uchachuke, kisha anatoka anasema amekuwa safi. Zinaelea kamasi. Mwenyeji akipenga kamasi haitupi. Anaifunga ndani ya leso, anaikunja vizuri, anairudisha mfukoni kama aliyeokota kito. Somoe alizifungua leso hizo kwa mikono yake mwenyewe. Alipiga moyo konde, akafumba jicho moja, akafua. Aliporudi chumbani hakuweza kula. Mgeni alikula sehemu zao zote mbili.

Hapo ndipo lilipoanza lile jambo la kioo.

Juu ya karai la kunawia palikuwa na kioo kidogo, chenye madoa ya dawa ya meno ya watu waliokwisha hama. Asubuhi moja, asubuhi ya siku ya pili, Somoe alijitazama akaona hana sikio la kushoto. Alilishika, lilikuwapo. Kiooni halikuwapo. Akageuka. Mgeni alikuwa ameketi kitandani, anachambua nywele kutoka kwenye kitana cha Somoe, anazifinyanga kitonge, anazitia chini ya ulimi. Na kwenye ule uso wake wa sabuni lilikuwa limechipua sikio la kushoto, dogo, jeusi, na tundu la hereni lililokaa upandeupande kama alivyolitoboa mama yake Somoe kwa mwiba.

Baada ya hapo kikaondoka kidevu. Ikaondoka shingo. Ukaondoka na ule mwanya wa meno ya mbele ambao watu wa kwao waliusifu. Kiooni yakabaki macho na paji la uso yakining'inia hewani. Somoe hakuwa msomi, lakini hesabu ya namna hiyo haitaki kalamu. Siku macho yatakapohama, mwenye jina Somoe atakuwa yule aliyeko kitandani, na aliyeko sakafuni atakuwa wa kijivu, asiyekuwa na jina, akizunguka kwenye mabenchi akingoja mtu mwingine mwenye adabu.

Alishindwa nini kusema? Swali hilo huulizwa na watu walioko kwao. Ugenini neno ni kama mfupa wa samaki. Unaliona, unalijua lilipo, lakini linapanda koo kwa ubavu. Wenyewe walimwita Somoe kwa jina la yeyote aliyewahi kukaa katika chumba kile, leo hili, kesho lile, na yeye aliyaitikia yote. Mwenyeji akimkanyaga, Somoe ndiye aliyeomba radhi. Akirudishiwa chenji pungufu, alishukuru. Walipomwambia kwamba kichwa chake kinanuka mafuta ya nazi, alinunua sabuni yao, akaosha kichwa hadi ngozi ikabanduka. Na kila alipolimeza neno, kule chumbani Mgeni alicheua. Alilisikia hilo hata akiwa mbali, cheuo refu la mtu aliyeshiba, na harufu yake ikamjia mdomoni mwake mwenyewe.

Nani huyu. Huyu mimi. Anavuta kamasi kama mimi. Anajikuna pale ninapowashwa. Nikimchukia huyu ninamchukia nani. Sikio ni langu, lakini nta iliyomo ni ya nani. Mama, ulinitoboa vibaya, na sasa kosa lako limekaa kwenye kichwa cha mtu. Rudisha. Tafadhali. Samahani. Hapana, kaa tu. Kaa.

Na humo ndani ya kuchukia kwake alilifahamu jambo moja, akiwa ameinama juu ya pipa, mikono imezama katika jana ya watu. Mate yakiwa mdomoni ni yako, unayameza mchana kutwa bila kujua. Yateme kwenye kikombe, uambiwe uyanywe, utatapika. Yamebadilika nini? Yamevuka mpaka tu. Basi mpaka wa mtu ni pale panapoanzia kinyaa chake. Mtu asiyeona kinyaa hana ukuta. Upepo unaingia kwa huku na kutokea kwa kule, na mbwa wanalala ndani. Somoe alijiuliza kama kile kichefuchefu alichokionea haya kila siku, alichokiita ushamba, hakikuwa adui yake hata kidogo. Pengine kilikuwa askari wake wa mwisho, mzee, mchafu, hana viatu, lakini bado amesimama mlangoni anapiga kelele.

Pale Udobini pipa la jirani lilikuwa la bikizee mmoja aliyeitwa Binti Chande. Alikuwa na tabia ya kubandika ugoro nyuma ya mdomo wa chini, na kopo la kutemea alilitundika shingoni kwa kamba, likining'inia kama hirizi, likimwagikamwagika kila anapoinama. Somoe alimkwepa muda mrefu kwa sababu ya lile kopo. Lakini mchana mmoja Binti Chande alimtazama anavyosuuza, akatema, akafuta kidevu kwa kiwiko, akasema, "Wewe mtu wa kule, hivi kwenu maji mmekwisha yagundua, au bado mnaogeshana kwa mate?"

Somoe aliendelea kusuuza. Kisha kitu kikapanda toka tumboni, na safari hii hakikuwa matapishi.

"Maji tunayo," akajibu. "Tunawaogeshea nguruwe. Wakimaliza, watani zetu ndio wanaopata zamu."

Binti Chande akacheka hadi ugoro ukamwingia kooni. Alikuwa mtani wake kweli. Babu zao walipigana, wakapatana, wakaachiana wajukuu ruhusa ya kutukanana mpaka kiyama bila mtu kununa. Aliendelea pale pale. Akamwambia Somoe ana uso kama ndoo iliyokanyagwa na punda, na akamwuliza punda alipona au alikufa kwa aibu. Somoe naye akamweleza habari za kopo lake lile, kwamba wenyeji wakilikamata watadhani ni supu. Wakaenda hivyo mpaka kengele ya kuanika ikalia. Wenye mapipa ya mbali waligeuka kutazama, maana kicheko hakikuwamo ndani ya siku ile. Mabibi wa mabibi zao hawakukishona.

Jioni, kiooni, kidevu kilikuwa kimerudi. Hafifu, kama kimechorwa kwa makaa, lakini chake. Somoe alikishika akastaajabu. Ndiyo kusema ili ajue kwamba bado anao uso ilibidi apatikane mtu wa kuutukana.

Furaha ya pili haikuja na matarumbeta pia. Ilikuja kama chafya. Alikuwa katika duka la Mji, lile ambalo kila kitu ndani yake ni cheupe, jibini nyeupe, unga mweupe, nyama nyeupe kama kisigino cha maiti, akapiga chafya, akainama, na kule chini kabisa, nyuma ya makopo, akaona kifuko kimelala vumbini. Alikifungua kwa ukucha. Manjano. Manjano ya kupikia, ya kusagwa, kama yale ambayo mwali husingwa nayo mpaka wote waliomshika wanakuwa na viganja vya ndimu. Mwenye duka alimwambia kwamba hicho ni cha kupaka rangi ukuta, wala hajui kimefikaje. Somoe hakubishana. Mtu akikuuzia dhahabu akidhani mchanga, kazi yako ni kukaza uso.

Alipika. Alikaanga kitunguu mpaka kikawa cha kahawia, akatia manjano, akatia chumvi ya kutosha mtu mwenye akili, akakoroga kwa mkono na kijiko, akaramba, akakoroga tena. Harufu ikatoka chini ya mlango, ikateremka ngazi, ikagonga milango ya watu. Siku zote alipika akiwa ameziba kila ufa kwa nguo, akipepea moshi kwa woga. Leo alifungua dirisha. Si kwa sababu ya ushujaa. Mikono yake ilikuwa na kazi tamu na haikukumbuka kuogopa.

Mgeni alisogea, kama kawaida yake, akatia vidole vyote vitano kwenye sufuria. Akapeleka kinywani. Akasita. Akakiachia kitonge, kikateremka kidevuni mwake, kikaanguka mapajani. Alikwama. Somoe akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza tangu lile benchi la mawe, na ndipo alipoona: huyu kiumbe alikula kila kitu ambacho Somoe alikionea haya. Haya ndiyo chumvi yake. Kilichopikwa bila haya kilimkwama kooni kama pamba.

Somoe akala peke yake, akakwangua na ukoko.

Alimsimulia Binti Chande. Bikizee alisikiliza mambo yote, yai, kioo, mate ya shavuni, na uso wake ukawa unazidi kukunjamana kana kwamba ameonja nyongo. Alichouliza ni kimoja tu: huyo mtu mzima anayelala kitandani, amekwisha pewa jembe? Maana kwao wote wawili, watani na watani wao, sheria ya mgeni ilikuwa moja. Siku ya kwanza anachinjiwa, ya pili anabembelezwa, ya tatu anaonyeshwa shamba. Hakuna mgeni aliyewahi kununa kwa hilo, na wavivu hujikumbusha safari zao wenyewe.

Somoe akamjibu kwa uchungu kwamba ndiyo balaa lenyewe. Siku ya tatu iko wapi? Wao wawili hapa, kwa mikono yao, wanaifua siku ya pili kila siku na kuirudisha ikiwa mpya. Hata ingekuja, jembe hutolewa na mwenye nyumba. Yeye ni nani katika Mji huu? Yeye naye ni mgeni tu.

Binti Chande alitema, akakosa kopo.

Asubuhi iliyofuata Somoe aliingia kazini na vidole vya manjano. Alikuwa amevisugua, lakini manjano hayasikii la mtu. Yanakaa kwenye ukucha kama mkwe asiyetaka kuondoka. Wakamletea jana, imelowa, inanuka kama mdomo wa mtu aliyefunga na kusengenya. Akaishika pembe. Alipoiachia, palikuwa na alama ya kidole, ndogo, ya njano, pale ambapo katika siku huwa asubuhi.

Angeweza kuificha. Angeikunjia ndani, ingepita. Aliitazama ile alama, akaona kwamba tangu ashuke katika Mji ule hicho ndicho kitu pekee alichokiacha juu yake. Kila kingine alikifuta. Nyayo zake alizifuta, harufu yake aliifuta, jina lake aliliacha likafutwa. Akaingiza mkono mfukoni, mlimokuwa na kile kifuko, akautoa umejaa, akaubandika wote katikati ya siku ya watu. Kiganja na vidole vyake. Akaukandamiza.

Binti Chande alipoona, kwa mara ya kwanza kopo lake lilitulia.

Wafuaji wengine wakakimbilia kwa sabuni ya magadi. Lo! Kila aliyewahi kufua kanga ya mwali anajua kinachotokea manjano yakikutana na sabuni. Yakageuka mekundu. Wakazidi kusugua, yakazidi kuwaka, yakaenea kama jeraha, maji ya pipa yakawa ya machinjioni, mmoja akatapika humo humo. Dawa ya doa hilo ni kulianika juani, nalo hupauka lenyewe. Lakini Mji ule ulikuwa na rasharasha iliyoshonewa ndani. Jua wangelitoa wapi?

Msimamizi wa Kamba akaja. Ndiye aliyesimamia uanikaji, mwanamume mrefu mwenye ngozi ya chaki, na leso yake mfukoni imevimba kwa mali aliyoihifadhi. Hakupaza sauti. Aliuliza ni nani aliyefanya hivi. Akauliza tena. Wafuaji wote wakainamia maji, na Somoe akaliona lile neno likimpanda kooni kwa ubavu, akaisikia kule mbali chumbani pumzi ya Mgeni ikivutwa, tayari kwa cheuo. Macho na paji la uso. Ndivyo alivyobakiwa navyo pamoja na kile kidevu cha makaa. Akimeza neno hili, basi.

"Mimi," akasema. "Somoe."

Msimamizi akamtazama kama anayetazama karai likizungumza. Akamwambia kwa upole, ule upole wao unaoteleza kama ute wa konokono, kwamba amekosa adabu, kwamba Mji ulimpokea, na kwamba mgeni anapaswa kukumbuka kuwa yeye ni mgeni.

Somoe akaitazama mikono yake. Ilikuwa imekunjamana kwa maji, ngozi imevimba, nyeupe kwenye mistari, njano kwenye kucha. Akayafikiria mapipa yote. Akafikiria yaliyoelea humo. Na kitu rahisi sana kikamjia, rahisi hata akaona kinyaa kwamba kilikuwa hapo siku zote mbele ya pua yake.

"Baba," akasema, "mimi nimezifua chupi zenu. Kwetu mgeni hafulishwi chupi. Jembe mlinipa kitambo, nimelishika, limenitoa sugu. Ugeni wangu uliisha hapo, ni mimi tu sikuambiwa."

Hakuna aliyeshangilia. Binti Chande alijifanya anakohoa. Msimamizi alifungua mdomo, lakini hapakuwa na jibu, kwa kuwa katika siku yao hakuna aliyewahi kumwambia neno hilo, naye alikuwa na majibu ya maneno yaliyokwisha semwa tu. Akaipenga pua yake. Akaikunja leso. Siku ikabaki imelala sakafuni, nyekundu, imeharibika, na hakuna mtu aliyethubutu kuianika.

Mji ukalala bila nguo.

Kulipokucha, kulikucha kitu kingine. Hakikuwa kizuri, tusidanganyane. Kilikuwa cha baridi, kigumu, kinanuka gundi ya dukani, kinawasha shingoni. Mbwa alifika kwenye nguzo akasita, akasahau shida iliyomleta. Watu walisimama milangoni na mikono kwapani hawajui watasema nini, na wengine walilia. Somoe alifumbua macho pale sakafuni akaijua mara moja. Siku ya tatu.

Akasimama. Akachukua ndoo iliyokuwa chini ya karai, ile ya plastiki ya kijivu iliyokuwa na ufa, akatia humo brashi ya choo. Mgeni alikuwa amekaa kitandani amejifunika kanga ya Somoe. Sikio lake, shingo yake, mwanya wake wa meno. Si rahisi kumfukuza mtu mwenye shingo yako.

"Umeamka salama?" Somoe akamwuliza, maana adabu ni adabu.

"Salama," Mgeni akajibu, na sauti ilikuwa ya Somoe, ile laini ya kuombea radhi. "Mimi ndiye Somoe."

"Vyema. Basi Somoe huamka, akaosha choo. Kile pale. Ndoo hii."

Mgeni alicheka kidogo kwa ule mwanya wa kuazima. Somoe hakucheka. Alikaa amenyoosha mkono, ndoo inaning'inia, na mkono haukushuka. Mwishowe Mgeni aliteremka kitandani, kwa mara ya kwanza bila kwenda kwenye chakula, akaipokea ndoo, akaenda kile choo cha wapangaji kilichoko kwenye ngazi, akafunua kifuniko, akachungulia.

Watu wa ngazi nzima walikuwa wamekitumia, na hakuna aliyejua leo ni zamu ya nani kukiosha.

Ndipo kwenye ule uso ikatokea sura ambayo haikuwa ya Somoe. Pua ilijikunja kwa namna yake. Mdomo ulivutika upande ambao Somoe hajawahi kuuvuta. Koo likaruka. Mgeni, aliyelamba vidole vya watu, aliyetafuna nywele za kitana, Mgeni aliyekuwa hana ukuta, sasa alipata kinyaa. Na aliyepata kinyaa tayari anao mpaka wake, hawezi tena kuwa mtu mwingine. Sikio likamchomoka kama gamba la kidonda. Mwanya ukazibika. Akarudi kijivu, lakini kijivu chake mwenyewe, chenye mikunjo, cha mtu aliyezeeka bila kuwahi kufanya kazi. Alimtazama Somoe kwa chuki safi, ya kwanza maishani mwake, akateremka ngazi mbiombio.

Akaenda nayo ndoo. Mwizi.

Somoe akabaki juu ya ngazi, shingo yake anaisikia baridi. Hakukimbilia kujitazama. Choo kilikuwa bado kinanuka, na sasa hana ndoo. Akavaa viatu, akashuka, akapita katikati ya wenyewe waliokuwa bado wanajikuna ndani ya siku ngeni, akaenda kwenye duka lile. Mwenye duka alikuwa ameduwaa, kidole ameking'ang'aniza puani hata kifundo cha kwanza, na mkono huo huo ndio aliomwonyeshea rafu ya ndoo. Zilikuwa nyeupe mbele. Nyuma yake, kwa kuwa siku ilikuwa mpya na rafu nazo zimechanganyikiwa, zilikuwapo za bluu, na moja ya rangi ya chungwa, na moja ya kijani iliyokolea mno, ya kuumiza macho.

Somoe aliishika ya bluu. Akairudisha. Akaigonga ya kijani kwa kifundo cha kidole, akausikiliza mlio wake. Akarudi kwenye ya chungwa, akaigeuza kichwa chini, akatazama matako yake kama mtu anayenunua kuku. Nyuma yake wenyewe walianza kujipanga, wanahema, wanakohoa, mmoja anamwagia mwenzake pumzi ya jibini kisogoni. Mwenye duka akakitoa kidole, akakifuta surualini, akamwuliza kama kuna tatizo, maana watu wanangoja.

"Hakuna tatizo," Somoe akamwambia bila kugeuka. "Nachagua."

Akaichukua tena ya kijani.